Saa ya elfu 45 ya Kariakoo: presha inadanganya, oksijeni inadanganya, ila inanisimamisha

Nimeivaa miezi minne sasa, mchana na usiku, naivua nikioga na nikiichaji tu, kwa hiyo nadhani nina haki ya kuisema. Ni zile saa nyeusi za mkononi za kupima afya, za kioo cha mraba ambazo pale mtaa wa Aggrey zimepangwa kama maandazi kwenye sinia, hazina jina la maana, boksi limejaa maneno ya Kichina na picha ya mzungu anakimbia ufukweni. Bei ya kuanzia niliambiwa 60,000, nikajifanya naondoka, nikaitwa "mama njoo basi tuongee", tukamalizana 45,000. Duka silitaji kwa sababu mengi nitakayosema ni malalamiko na yule kijana aliniuzia kwa adabu zake zote, shida ni mzigo wenyewe.

Mimi ni wakala wa pesa za simu huku Mbagala. Kibanda changu ukinyoosha mikono unagusa mbao za pande zote mbili. Nafungua saa 1 asubuhi nafunga saa 3 usiku, na katika masaa yote hayo nilikuwa nainuka kwenda chooni na kuswali, basi, chakula naletewa, maji yapo kwenye chupa, wateja wanakuja wenyewe dirishani. Watu walikuwa wananiambia we una kazi nzuri umekaa tu, na mimi nilikuwa naona hivyohivyo, upo kivulini hela zinapita mkononi, raha gani tena unataka.

Haya tuanze na ubovu.

Presha. Saa hii inadai inapima presha kwa kubonyeza mara moja tu, bila ule mpira wa kubana mkono. Nikipima natoka 118 kwa 76. Nikitoka kugombana na mteja aliyetuma hela namba siyo akataka nimrudishie mimi, napima, 118 kwa 77. Nikaanza kuwa na wasiwasi. Siku moja kuna kijana mteja wangu akaniambia dada ifunge hiyo saa kwenye ndizi uone, nikadhani ananitania, jioni nikachukua ndizi mbivu nikaifunga mkanda vizuri nikabonyeza, wallahi ndizi ikatoka na mapigo ya moyo 72 na presha 116 kwa 75. Ndizi! Nilicheka mpaka wanangu wakatoka nje kuangalia kuna nini. Baadaye nikaelezwa kwamba zile taa za kijani zilizo chini ya saa zinamulika ngozi na kusoma mwanga unaorudi, damu ikipita mwanga unabadilika, na hizi za bei rahisi zikikosa kitu cha kueleweka zinajazia namba yoyote inayofanana na ya mtu mzima. Kwa hiyo mwenye presha anayemeza dawa tafadhali asije akaamini hii kitu akaacha vidonge, nenda zahanati ukabanwe mkono.

Oksijeni ndio mbaya zaidi na hapa sitanii. Saa inasema oksijeni kwenye damu ni asilimia 97 au 98 siku zote, asubuhi jioni, ukikimbia ukilala, na ndizi pia ilikuwa na 98. Mimi najua 88 inavyokuwa, nilishaonyeshwa kwenye kile kibanio cha kidole hospitalini na midomo ikiwa imebadilika rangi, mtu akiwa kwenye hali ile halafu mkononi saa inamwambia 98 ataendelea kulala nyumbani akisubiri pakuche. Ukiwa huvuti pumzi vizuri usiangalie saa, panda bajaji.

Hatua, nusu kwa nusu. Nikitembea barabarani mikono ikiwa huru inahesabu sawasawa, nilijaribu nikahesabu 200 kwa mdomo yenyewe ikaandika 194, hapo sina neno. Lakini nikibeba ndoo ya maji mkono hauchezi, basi kwake mimi nimesimama tu. Afu nikisonga ugali inanipa hatua, nikifua inanipa hatua nyingi kweli, nikipanda bajaji kwenye ile njia yetu ya mashimo nakuwa nimetembea mpaka Kibiti, na kubwa kuliko, nikihesabu noti! Mteja akileta laki tano za noti za 2,000, nikimaliza kuhesabu nina hatua kama 40 na kitako changu hakijanyanyuka kwenye stuli. Kwa hiyo siku ya mwisho wa mwezi, watu wameshika mishahara, saa inanipigia fataki kwenye kioo kwamba nimefikisha lengo.

Na hilo lengo lenyewe limewekwa 10,000 kiwandani. Mimi nilidhani ni namba ya madaktari, kumbe ilianzia kwenye biashara, Wajapani mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya Olimpiki ya Tokyo, walitoa kifaa cha kuhesabu hatua wakakiita manpo-kei, yaani kipimo cha hatua 10,000, jina likauza na namba ikabaki dunia nzima. Kuna utafiti wa Marekani wa akina mama wapatao 16,700, wastani wa miaka 72, uliotoka 2019, walioonekana kuishi zaidi walianzia kwenye hatua kama 4,400 kwa siku na faida ikazidi kupanda mpaka kama 7,500, baada ya hapo haikuongezeka sana. Nikashusha langu nikaweka 6,000 na roho ikatulia.

Sasa mtaniuliza, saa inadanganya hivi mbona hujaitupa. Siitupi kwa sababu ya kitu kimoja tu, ambacho hata kwenye boksi hakijaandikwa kwa herufi kubwa. Ukikaa saa nzima bila kutembea inatetemeka mkononi na inatokea katuni ya mtu amenyoosha mikono. Hicho tu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka jana mwezi wa 6, kipupwe kile, nilipata nilichodhani ni mafua. Jirani yangu anayeuza mihogo ya kukaanga alikuwa nayo pia, tena yeye ndiye alianza, na kanizidi umri, mimi nina 46. Yeye alikohoa wiki moja, akanywa chai ya tangawizi, akaendelea kupita na beseni lake kichwani. Mimi siku ya tano homa ikapanda, nikapumua kama nimepanda ghorofa, ubavu wa kulia unachoma nikivuta hewa, baba watoto akasema hapana hii siyo ya tangawizi. Nimonia. Siku saba nimelazwa, tatu za mwanzo na mpira wa oksijeni puani.

Wodini kilichonishangaza ni manesi kutoniacha nilale. Mimi nilijua mgonjwa ni wa kulala, wao asubuhi tu "mama tukae kitako", mchana "mama tusimame tushike kitanda", na kuna kidude cha plastiki chenye vipira vitatu, unavuta pumzi kwa mrija na vipira vinapanda. Siku ya kwanza sikuinua hata kimoja, kilitikisika tu kama kinanicheka. Nikaambiwa ukilala tu kwa muda mrefu sehemu za chini za mapafu hazijazwi hewa vizuri, makohozi yanakaa kule chini, wadudu wanapata shamba, ndio maana hata aliyelazwa kwa kuvunjika mguu anaweza kupata nimonia hukohuko kitandani.

Siku ya kuruhusiwa daktari, kijana mdogo tu wa kumzaa, akaja "shikamoo mama", akaniuliza maswali mawili ambayo sikuyategemea: kwa wiki unafanya mazoezi au unatembea kwa haraka siku ngapi, na hiyo siku moja dakika ngapi. Nikaona aibu kusema sifuri, nikamwambia huwa naenda sokoni Jumapili. Akatabasamu akaandika.

Mimi nikabaki na swali moja ambalo nilimuuliza mtoto wa mdogo wangu, yuko chuo cha uuguzi, nikamwambia hebu nieleweshe, sukari na presha nimekubali zinatokana na kukaa, lakini nimonia ni bakteria, bakteria anajuaje kama mimi nimekaa? Akacheka sana, akanitumia sauti ya WhatsApp ya dakika tisa, "mama mkubwa sikiliza taratibu".

Naiweka hapa kwa nilivyoielewa. Mdudu hajui kitu, anaingia kwako na kwa muuza mihogo vilevile, tofauti ni anachokikuta ndani. Zile chembe nyeupe za damu, walinzi wetu, nyingi zinakaa zimeegemea kuta za mishipa na nyingine zipo kwenye wengu na kwenye uboho ndani ya mifupa zinasubiri. Ukitembea kwa kasi moyo ukadunda, zinabanduliwa zinaingia kwenye mzunguko, zile kali hasa zinazoua seli zilizovamiwa na virusi ndizo zinapanda zaidi, afu ukishapumzika zinatawanyika kwenda kukagua mapafu na utumbo na kwingineko. Nikamwambia kumbe ni kama polisi jamii, kuna wanaozunguka na tochi na kuna wanaokaa kituoni wanakunywa kahawa, akasema mama mkubwa ni hapohapo. La pili ni mafuta ya tumboni, yale ya ndani yaliyozunguka viungo, hayajakaa tu kama mzigo, yanatoa kemikali zinazouweka mwili kwenye uvimbe wa chinichini muda wote, makaa hayazimiki na hayawaki, sasa adui wa kweli akija mwili unachelewa kumjibu, au unajibu kwa fujo mpaka unaumiza mapafu yenyewe. Na msuli ukifanya kazi unatoa vitu vinavyopoza ule uvimbe. La tatu sukari, msuli uliolala hauichukui vizuri inabaki kwenye damu, na mwenye kisukari kila mtu anajua kidonda chake na kifua kikuu chake vinavyosumbua.

Afu akanitumia na tafiti kwa sababu anajua mimi mbishi. Kule California Kusini, Marekani, Kaiser Permanente, shirika la bima na hospitali, walichukua watu 48,440 waliopata Korona mwaka 2020, na watu hao ndani ya miaka miwili kabla ya gonjwa kuanza walishaulizwa kliniki maswali yaleyale mawili niliyoulizwa mimi, siku ngapi dakika ngapi. Waliokuwa hawafanyi chochote, dakika 0 mpaka 10 kwa wiki, walilazwa zaidi ya mara mbili ya wale wa dakika 150 na kuendelea, na kufa karibu mara mbili na nusu. Ukiacha uzee na kuwahi kupandikizwa kiungo, kukaa tu ndiko kulikuwa hatari kubwa kuliko zote, kuzidi hata sigara. Niliisikiliza sehemu hiyo mara mbili nikiwa nimekaa kwenye stuli yangu.

Nikabisha. Nikamwambia si labda ni kinyume chake, wagonjwa ndio hawatembei, kwa hiyo lazima wazidiwe? Akasema swali zuri mama mkubwa, ndio maana wanapiga hesabu wakitenganisha umri, uzito, sukari, moyo, na bado tofauti inabaki, ingawa kwa tafiti za kuangalia tu bila kuwapangia watu huwezi kuapa mia kwa mia. Hilo nimeliheshimu, bora aseme hivyo kuliko kuniuzia muujiza.

Tafiti ya Afrika Kusini ndiyo iliyonikaa zaidi maana ni kwetu huku na walitumia hizihizi saa, nadhani zao hazikufungwa kwenye ndizi. Watu karibu laki mbili, wengine walichanjwa ile chanjo ya Johnson & Johnson wengine bado, mazoezi yao yanajulikana kupitia saa na kuingia jimu kwa sababu walikuwa wanachama wa mpango wa bima. Kwa waliokuwa hawafiki dakika 60 kwa wiki chanjo ilizuia kulazwa kwa asilimia 60, wa kati 72, wa dakika 150 na zaidi karibu 86. Chanjo ni ileile, sindano ileile. Mimi Korona nilichanjwa nikarudi kukaa.

Na kwa mafua ya kawaida kuna tafiti ya North Carolina, Marekani, watu 1,002 wakafuatiliwa wiki 12, wanaofanya mazoezi siku tano au zaidi kwa wiki walikuwa na siku chache za kuumwa mafua kwa asilimia 43 kuliko wasiofanya kitu. Siyo kwamba hawaugui kabisa.

Sasa rudi kibandani. Saa inatetemeka saa 2 na kitu asubuhi, nitaenda wapi? Siwezi kutoka nikaacha hela na simu tano mezani, Mbagala hii. Wiki ya kwanza nilikuwa naizima tu. Wiki ya pili nikaanza kusimama na kutembea palepale, kushoto kulia kushoto kulia, magoti juu, kama wanajeshi wa gwaride lakini ndani ya boksi la mbao, wateja wakaanza kusema dada wakala umepandisha mashetani? Kuna mzee mmoja kila akija ananiuliza "leo gwaride saa ngapi". Nikagundua nikisimama kumhudumia kila mteja badala ya kukaa na kunyoosha mkono napata nyingine za bure, nikahamisha daftari la miamala likawa upande wa pili na chini, lazima niinuke na niiname. Stuli nayo nikaibadilisha, ile ya mto nikaipeleka nyumbani, hii ya sasa ni mbao tupu, hukai ukanogewa.

Jioni nafunga saa 2 na nusu siyo saa 3, nashuka kwa miguu mpaka nyumbani badala ya kupanda bodaboda ya 1,000, dakika 25 za haraka za kuanza kuhema lakini bado unaweza kuongea. Mara sita kwa wiki hiyo ni 150, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima, 150 mpaka 300 za wastani, na mara mbili kwa wiki kazi ya misuli, mimi misuli nimeihesabu kwenye ndoo za maji na saa itake isitake. Hela ya bodaboda niliyookoa ilirudisha 45,000 kabla ya miezi miwili kuisha.

Nikwambie ukweli kama saa imenikinga na nimonia? Sijui, miezi minne michache, na Mungu ndiye anayejua. Mafua nimeyapata mara moja yakapita siku nne. Ninachojua ni kwamba wiki ya kwanza nilisimama kupumzika mara tatu njiani na sasa sisimami, na vile vipira vitatu niliruhusiwa kurudi navyo nyumbani, vyote vinapanda. Na tusidanganyane, utatembea mpaka miguu iote sugu lakini kama hunawi mikono baada ya kushika noti za watu mia kutwa nzima utaugua tu, mimi nina chupa ya sabuni ya maji hapo dirishani siku hizi.

Ila msije mkakurupuka. Daktari alinikataza kabisa kuanza nikiwa na homa au kifua bado kinauma, nilianza na kuzunguka nyumba, wiki mbili nyumba tu, na kikohozi kiliisha mwezi wa 8.

Tumalizie saa. Chaji wanasema siku 10, kwangu 4, ukizima ile kupima mapigo muda wote inafika 6. Waya wa kuchaji ni ule wa sumaku, ukiguswa kidogo unabanduka, nimeamka mara nyingi saa imezima na waya uko pembeni. Programu ya kwenye simu inataka barua pepe, inataka ijue ulipo, inataka isome meseji zako, mimi wakala wa hela nimpe mtu nisiyemjua ruhusa ya kusoma meseji? Nilikataa zote, hatua na mtetemo vinafanya kazi bila hiyo. Kisirani cha mwisho ni mkanda, ulikatika wiki ya sita karibu na tundu, nikapata mwingine kwa machinga 5,000.

Kwa nyota nitaipa mbili kati ya tano kama kipimo cha afya, na hizo mbili ni za huruma. Kama kengele ya kumwinua mtu aliyekaa, nne. Ukienda kununua usihangaike na wanaokuonyesha presha na oksijeni, mwambie muuzaji aiwashe, atafute sehemu yenye picha ya mtu amekaa kwenye kiti, aibonyeze itetemeke ukiwa umeivaa mkononi. Nyingine zinatetemeka kama mbu, nyingine hata hazina hiyo kitu, zinaandika tu kwenye kioo. Na usikubali kuzidi 45,000, mwenzangu wa mihogo amenunua yake wiki iliyopita kwa 38,000, anasema ni ya kuangalia muda tu.